Mabingwa wa Chati: Rekodi za Maktaba Huria Zinazochora Data

Mradi umefika pale pazuri. Hifadhidata inajibu, takwimu zimesafishwa, na mteja anataka kuona mistari ikipanda na kushuka kwenye skrini. Sasa unahitaji maktaba ya kuchora chati, na lazima iwe huria, maana bajeti ya leseni haipo na hata ingekuwepo ingeishia kwenye bando. Ukiuliza madevelopa kumi watakutajia maktaba kumi, na kila mmoja ataapa kwamba yake ndiyo kiboko ya zote.

Basi tuwaingize uwanjani. Kanuni ni mbili. Mshindani awe huria kweli: msimbo wake yeyote ausome, aubadilishe, aujengee biashara bila kulipa senti. Pili, kila taji liwe na namba. Sifa za mdomo tunawaachia wapiga debe.

1. MKONGWE KULIKO WOTE: gnuplot, 1986

Thomas Williams na Colin Kelley, Wamarekani, waliitoa gnuplot mwaka 1986. Mwaka huo Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, alikuwa bado mgeni Ikulu, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Cha kwanza kilisubiriwa hadi 1994. Watu wa Bara walikuwa bado wanaisikiliza taarifa ya habari redioni wakati gnuplot inachora mawimbi kwenye skrini za maabara.

Na mzee huyu bado yuko ulingoni! Toleo la 6.0 lilitoka Desemba 2023, miaka 37 baada ya lile la kwanza. Madevelopa wengi wanaoitumia leo hawakuwa wamezaliwa ilipoanza.

Tarehe yake ina bahati nyingine. Mskoti William Playfair alichapisha atlasi yake ya biashara, yenye chati za mistari na za mihimili, mwaka 1786. Toa hesabu: miaka 200 kamili kabla ya gnuplot. Chati ya duara alichelewa nayo, akaitoa mwaka 1801, na kuna wachambuzi wa takwimu wanaotamani angechelewa zaidi.

Angalizo kwa mwenye mradi: licha ya jina lake, gnuplot haimo katika familia ya GNU, na leseni yake ina mwiba. Ukiubadilisha msimbo na kutaka kuusambaza, unatakiwa kutoa mabadiliko yako kama viraka kando ya msimbo wa asili. Kwa kuchora chati za ripoti hilo halikuhusu. Kwa kuikarabati na kuifungasha ndani ya bidhaa yako, linakuhusu sana.

2. AMRI FUPI KULIKO ZOTE: gnuplot tena

Andika «plot sin(x)», bonyeza kitufe, wimbi limechorwa. Herufi 11, nafasi na mabano zikiwemo. Mvivu zaidi anaandika «p sin(x)», herufi 8, na gnuplot inamwelewa. SMS moja ya kawaida ina nafasi ya herufi 160. Kwa hiyo urefu wa SMS moja ni sawa na amri 20 za namna hiyo.

Ukiwa na D3, mshindi wa taji linalofuata, chati ya mihimili ya kawaida, yenye majira, lebo na rangi, inakula mistari 40 ya msimbo bila wewe kutambua.

3. MWENYE NYOTA NYINGI: D3

Kule GitHub mtu akipenda mradi anaubandika nyota. D3 imeshapita nyota 100,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, unameza watazamaji 60,000. Wapange waliobandika nyota waje kutazama mechi: uwanja unafurika, na watu 40,000 wanabaki nje wakigombana na mageti. Chart.js na ECharts, wanaoshika mkia wake, kila mmoja amepita 60,000, kwa hiyo kila mmoja anaujaza Mkapa peke yake. Uwanja mmoja dhidi ya uwanja na theluthi mbili.

D3 ilizaliwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2011 kwa mikono ya Mike Bostock, Jeffrey Heer na Vadim Ogievetsky, baada ya jaribio lao la awali lililoitwa Protovis. Bostock baadaye alihamia New York Times, akalichorea gazeti hilo michoro inayosogea, kubofywa na kujibu.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi mashabiki. Kwa maana ya kawaida D3 si maktaba ya chati. Haina amri ya kukuletea chati ya mihimili iliyokamilika. Ni sanduku la vifaa: moduli 30 zinazojitegemea, moja ya mizani, moja ya ramani, moja ya kusoma faili, moja ya rangi, na kadhalika. Fundi mwenye wiki mbili mbele yake atajenga kitu ambacho dunia haijawahi kukiona. Mwenye onyesho kwa mteja kesho asubuhi atalia.

Ndiyo maana wengi hula matunda ya D3 bila kuupanda mti. Plotly.js imejengwa juu yake. Recharts, inayopendwa na watumiaji wa React, inatumia moduli zake. Vega nayo, Nivo nayo, Victory nayo. Hata kama hukuichagua, yumkini imo ndani ya mradi wako.

4. MWEPESI NA MWENYE KASI KULIKO WOTE: uPlot

Hapa nasimama wima. Maktaba hii ya JavaScript ina uzito wa kilobaiti 50 hivi ikishafinywa. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp mara nyingi inaizidi.

Lakini kilo si kitu, tazama miguu. Kwa vipimo vilivyotangazwa na mwandishi wake, uPlot inachora chati yenye nukta 166,650, iliyo tayari kuguswa na kuvutwa, kwa milisekunde 25 ikianzia sifuri.

Tupime umati kwanza. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu. Mpe kila mkazi nukta moja, kuanzia Faza hadi Mpeketoni, wazee na vitoto vichanga, na bado zimebaki nukta 22,730 mkononi.

Sasa muda. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Septemba 2021, rekodi ya Afrika. Kwa mwendo wake wa wastani siku ile, milisekunde 25 zinamtosha kusogea sentimita 26. Kaunti nzima ya Lamu imeshachorwa, na Omanyala hajapita hata urefu wa kiatu chake!

Vipimo hivyo ni vya kompyuta yenye afya, si vya simu ya mkopo yenye kioo kilichopasuka. Hata hivyo kasi yake ina sababu inayoeleweka.

Sababu hiyo ni ukavu. uPlot haina mbwembwe za mistari inayojikunjua. Haina chati ya duara. Haisafishi data kwa niaba yako wala haijumlishi chochote. Unaikabidhi safu za namba zilizokwisha pangwa, nayo inazimwaga moja kwa moja kwenye Canvas, yaani ubao wa kivinjari ambako chati nzima ni picha moja ya pikseli. Maktaba zinazochora kwa SVG hukipa kila kiduara na kila mstari nafasi yake ndani ya ukurasa, na kivinjari kinalazimika kukikumbuka kimoja baada ya kingine. Kwa nukta mia mbili hilo ni raha, maana kila kitu unakigusa na kukipamba utakavyo. Zikifika maelfu kadhaa, kivinjari kinaanza kuhema.

Grafana, dashibodi wanayoitegemea wasimamizi wa seva, iliingiza uPlot katika chati zake za mfuatano wa wakati mwaka 2021. Watu wanaotazama joto la seva sekunde kwa sekunde hawana haja na chati ya duara.

Upungufu wake ni maelezo. Utajifunza kwa kusoma mifano na kujaribu, na kuna jioni utaitukana.

5. MZITO KULIKO WOTE: plotly.js

Taji la pipa! Plotly.js, kazi ya kampuni ya Montreal, Kanada, ilifunguliwa msimbo Novemba 2015 chini ya leseni ya MIT. Faili lake kamili, likishafinywa, linapita megabaiti 3. Hizo ni uPlot 60 na chenji.

Chukua mtandao wa vijijini unaopitisha kilobiti 100 kwa sekunde. uPlot inashuka kwa sekunde 4. Plotly.js kamili inachukua dakika 4. Bondia anamaliza raundi ya dakika 3, anakaa kwenye kona dakika nzima, anasimama kwa raundi ya pili, ndipo chati yako inaanza kujitokeza. Seva iliyosanidiwa vizuri hulibana faili kwa gzip hadi karibu theluthi, na hapo subira inashuka hadi sekunde 80 na zaidi. Bado bondia hajafika nusu ya raundi, lakini mtumiaji wako ameshaondoka.

Sijaitaja hivyo kwa kuidharau. Mzigo huo una vitu ndani, na vinaipa taji la pili palepale.

6. MWENYE AINA NYINGI ZA CHATI: plotly.js tena

Zaidi ya 40! Mistari na mihimili, sawa, lakini pia nyuso za pande tatu unazozizungusha kwa kidole, mishumaa ya soko la hisa, ramani zenye rangi, kontua kama zile za ramani za milima, visanduku vya takwimu, na mitiririko inayoonyesha fedha zilikotoka na zilikokwenda.

Zipakie aina hizo kwenye matatu za abiria 14. Chart.js ina aina 8: matatu moja inatosha na viti sita viko wazi, kondakta ananung'unika. ECharts, yenye aina zaidi ya 20, inahitaji matatu mbili. Plotly inajaza tatu.

Wenyewe wanajua uzito wao, wakatengeneza vifurushi vidogo. Kile cha msingi, chenye mistari, mihimili na duara pekee, kina uzito wa kama theluthi ya mzigo mzima. Ajabu ni idadi ya tovuti zinazobeba gunia lote ili kuonyesha mhimili mmoja wa mauzo ya mwezi.

7. ANAYEBEBA UMATI MKUBWA: Apache ECharts

ECharts ilianzia Baidu, kampuni ya utafutaji ya China, mwaka 2013. Mwaka 2018 ikaingia katika malezi ya Apache Software Foundation, na mapema 2021 ikatangazwa kuwa mradi kamili wa taasisi hiyo. Waundaji wake wanatamba kwamba inamudu kuonyesha nukta milioni 10.

Milioni 10 ni wangapi? Sensa ya Tanzania ya 2022 iliipa Dar es Salaam watu 5,383,728. Sensa ya Kenya ya 2019 iliipa Nairobi watu 4,397,073. Jumlisha: 9,780,801. Dar yote na Nairobi yote, Mbagala na Kibera, Masaki na Karen, kila mtu nukta yake, kwenye chati moja, na nafasi 219,199 zimebaki kwa wageni!

Haifanyi hivyo kwa pumzi moja. Inachora kwa mafungu: fungu hili linachorwa, kivinjari kinapata nafasi ya kuitikia kidole chako, fungu linalofuata linaingia. Data nayo inaweza kumiminwa kidogo kidogo inapowasili, badala ya kusubiriwa yote.

Halafu kuna hesabu ya skrini, na hii ningependa kila mwenye mradi aipige kabla ya kuhangaika. Simu nyingi zina pikseli 1,080 kwa upana. Mwaga nukta milioni 10 humo na kila safu ya pikseli inabeba nukta zaidi ya 9,200. Jicho haliwezi kuzitenganisha, wala skrini yenyewe haiwezi. Dawa ni kupunguza nukta bila kuharibu sura ya mstari, na ECharts ina chaguo la LTTB, mbinu iliyoelezwa na Sveinn Steinarsson katika tasnifu yake ya mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Iceland. Mbinu hiyo inagawa data katika mafungu, kisha kila fungu linatoa mwakilishi mmoja: yule anayeunda pembetatu kubwa zaidi na jirani zake. Vilele vinasalia, mabonde yanasalia, umati unakwenda nyumbani. Kisiwa chenye watu wachache kuliko Kaunti ya Mombasa ndicho kilichotufundisha kupunguza msongamano.

8. ALIYEFIKA MBALI KULIKO WOTE: Matplotlib

Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilionyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi: pete ya moto yenye giza katikati, kwenye galaksi ya M87. Umbali wake ni miaka-nuru milioni 55. Nuru inatoka Dar hadi Nairobi, kilomita 670 hivi kwa njia ya ndege, ndani ya milisekunde 3. Nuru hiyohiyo, bila kupumzika wala kukaguliwa Namanga, ilisafiri miaka milioni 55 kutoka M87 ikatufikia. Shimo lenyewe lina uzito wa majua bilioni 6.5.

Matplotlib ilikuwa miongoni mwa maktaba huria zilizotumika kuizalisha picha hiyo. Data ghafi ilikuwa petabaiti 5, sawa na gigabaiti milioni 5. Jaza simu za gigabaiti 64: unahitaji simu 78,125. Mpe kila mtazamaji wa Mkapa simu moja iliyojaa pomoni na bado unazo 18,125 za kugawa barabarani. Kabla ya hapo, Mei 2008, Matplotlib ilikuwa ikichora takwimu wakati chombo cha Phoenix kikitua Mirihi.

Asili yake iko mbali na nyota. John D. Hunter alikuwa mtafiti wa ubongo Chicago, akisoma mawimbi ya umeme ya wagonjwa wa kifafa wanaosubiri upasuaji. Maabara ilikuwa na programu ya kulipia ya kuyachambua, lakini leseni ilikuwa moja, na iliishi ndani ya kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Watafiti, wanafunzi na madaktari walikipokezana. Ofisi yoyote yenye modemu moja na watu wanane inaijua hali hiyo.

Mwaka 2002 Hunter aliandika kiraka cha IPython ili aweze kuchora akiwa ndani ya Python, na mashine iliyochora nyuma ya pazia ilikuwa, unaikumbuka, gnuplot. Fernando Pérez, mwenye IPython, alikuwa amezama kwenye tasnifu yake ya udaktari, akamjibu kwamba kwa miezi kadhaa hataweza kukiangalia. Hunter hakukaa kungoja. Alianza mradi wake mwenyewe, na toleo la kwanza la Matplotlib likatoka 2003. Sijui kuchelewa kwingine katika ulimwengu wa chati kulikolipa hivi!

Alifariki Agosti 2012 akiwa na umri wa miaka 44, karibu miaka 7 kabla ya pete ile kuonekana.

Kwa mradi wako: kama chati zinakwenda kwenye ripoti, tasnifu au PDF, na unaandika Python, usitafute tena. Kama zinakwenda kwenye kivinjari na watu wanataka kuzigusa, Matplotlib itakupa picha nzuri iliyoganda.

9. KITABU KILICHOZAA MAKTABA NYINGI: The Grammar of Graphics, 1999

Mwaka aliofariki Mwalimu Nyerere, Mmarekani Leland Wilkinson alitoa kitabu hiki chenye wazo moja gumu: chati isiwe jina kwenye orodha, iwe kitu unachokiunda kwa sehemu. Usiseme «nipe chati ya mihimili». Sema bei iende juu, miezi iende kando, rangi ifuate mkoa, umbo liwe mhimili. Badilisha neno mhimili kuwa mstari, na chati nyingine imezaliwa.

Hesabu wana na wajukuu. Hadley Wickham alitoa ggplot2 ya lugha ya R mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Washington kikazaa Vega-Lite. Juu ya Vega-Lite ikapandishwa Altair ya Python. Mwaka 2021 kundi la Bostock mwenyewe likaleta Observable Plot. Wazao wanne wakubwa kutoka kitabu kimoja, bila kuwataja wadogo. BBC walipotaka chati zao zifanane, mwaka 2019 walitoa hadharani bbplot, kifurushi kinachoipamba ggplot2 kwa mtindo wa chumba chao cha habari.

Binafsi, kwa mtu anayechunguza data na bado hajui anatafuta nini, naipa ggplot2 ushindi bila kupepesa macho.

10. LESENI FUPI, LESENI NDEFU

Fupi: ISC, inayotumiwa na D3. Aya mbili. Unaisoma ukiwa kwenye foleni ya taa za Ubungo na unaimaliza kabla hazijaruhusu. MIT, ya Chart.js, plotly.js na uPlot, ni ndugu yake wa karibu.

Ndefu: Apache 2.0, ya ECharts, yenye vifungu 9 vilivyohesabiwa. Urefu wake una faida: inataja hataza waziwazi, kwamba waliochangia msimbo wanakuruhusu kutumia hataza zao zinazouhusu. Kampuni kubwa yenye wanasheria itaipenda. Lightweight Charts ya TradingView, ya mishumaa ya masoko ya fedha, nayo iko chini ya Apache 2.0, ila waundaji wanataka watajwe kwenye ukurasa wako. Lisome sharti hilo kabla, si baada ya tovuti kupanda hewani.

11. BINGWA WA MRADI WA KAWAIDA: Chart.js

Haishiki rekodi ya uzito, kasi, wala umri. Ilitolewa mwaka 2013 na Nick Downie, inachora kwenye Canvas, na mzigo wake kamili ni kilobaiti 200 hivi: uPlot nne, au chini ya sehemu moja ya kumi na tano ya plotly.js. Tangu toleo la 3, mwaka 2021, unaweza kusajili sehemu unazotumia tu na nyingine zikakatwa wakati wa kufungasha.

Miongoni mwa aina zake nane kuna ile ya vipande vya duara vyenye urefu tofauti, ndugu wa mchoro aliouchora Florence Nightingale mwaka 1858 kuonyesha kwamba askari wa Uingereza waliuawa zaidi na maradhi kuliko risasi. Mchoro huo ulibadili mawazo ya wakubwa. Leo unaandika neno moja kwenye usanidi, nao huo.

Kwa nini nimpe taji asiye na rekodi? Piga hesabu ya mradi wa kweli. Bei ya mahindi katika mikoa 31 ya Tanzania, mwezi kwa mwezi, mwaka mzima: nukta 372. Zingekuwa abiria, mabasi matatu marefu ya mwendokasi yangewabeba wote. Kwa umati huo, kuleta injini ya nukta milioni 10 ni kukodi meli kuvusha kikapu. Chart.js inaanza kazi jioni hiyohiyo, maelezo yake yanasomeka, na ukikwama kuna mtu aliyeshakwama palepale kabla yako.

12. ALIYEZUIWA GETINI: Highcharts

Huyu angechukua medali, lakini hakuwa na tiketi. Highcharts ilitoka mwaka 2009 katika manispaa ya Vik, kwenye mwambao wa Sognefjord, Norwei. Wakazi wake ni 2,600 hivi. Ungehitaji Vik 23 kuujaza Uwanja wa Mkapa, na hata hapo vingebaki viti vya timu za akiba. Torstein Hønsi alitaka tu kuonyesha kina cha theluji ya mlima wa kwao kwenye tovuti yake, akakosa chombo kilichomridhisha, akakiunda.

Msimbo wake uko wazi kusomwa, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kuuona si kuruhusiwa kuutumia utakavyo: kwa matumizi yasiyo ya kibiashara kuna leseni ya bure, kwa biashara unalipa. Kanuni ya kwanza ya mashindano haya imemfungia nje, ingawa kwa ubora wa chati, na hasa kwa msaada wake kwa watumiaji wasioona, angewasumbua nusu ya waliomo ndani. Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wa kwanza wa msimbo, fungua faili la LICENSE la maktaba uliyoipenda ulisome. Kama mteja wako analipa, Vik wanapokea kadi. Kama halipi, Chart.js iko wazi usiku huu.